Usiku wa Kiholanzi, Mikono ya Java

Nyuma ya meli, chini ya bendera ya Uholanzi, pameandikwa Rotterdam kwa herufi kubwa. Meli yenyewe ilikuwa imefunga Gati 91 mjini Seattle, na kwa msimu mzima wa kiangazi haikuwa na safari ya kwenda Rotterdam wala karibu nayo. Nahodha alikuwa Mholanzi. Wahudumu wa mezani na wasafisha vyumba wengi walikuwa Waindonesia, watu wa baa wengi Wafilipino, na abiria, kama 2,000 hivi, karibu wote walikuwa wastaafu wa Marekani na Kanada. Katika umati huo tulikuwemo mimi na shangazi yangu, mzaliwa wa Wete, Pemba, ambaye ameishi Tukwila, kusini ya Seattle, tangu watoto wake wakiwa wadogo. Watoto hao sasa wana kazi zao. Walimlipia safari ya Alaska, nami nikaitwa kutoka Dar es Salaam nimsindikize, maana alishasema hapandi chombo peke yake na watu asiowajua.

Nilikubali upesi, na si kwa ajili ya barafu. Naandika habari za vyakula, na kwa muda mrefu nimekuwa nikisikia kwamba meli hizi zimetunza desturi za mezani ambazo nchi kavu zilikwisha kufa: zamu za chakula, mavazi rasmi, maandamano ya wapishi, usiku wa taifa hili na usiku wa taifa lile. Nilisikia pia kwamba zinapukutika moja moja. Nilitaka kuona zilizobaki zinabaki kwa mikono ya nani.

Holland America ilianzishwa Rotterdam mwaka 1873, na kazi yake ya mwanzo haikuwa starehe. Ilivusha wahamiaji kwenda New York, mamia ya maelfu ya watu wa Ulaya waliokuwa wakikimbia njaa na ufukara, wakibanana madaraja ya chini huku juu yao wenye nazo wakila kwa vyombo vya fedha. Jeti zilipoanza kuvuka Atlantiki na abiria mwaka 1958, biashara hiyo ikaanza kuporomoka, na meli zikageuka kuwa hoteli za baharini. Mwaka 1989 kampuni ikanunuliwa na Carnival ya Marekani. Makao yake makuu sasa yako Seattle. Jengo lake la zamani kule Rotterdam ni hoteli, na meli yake mashuhuri, SS Rotterdam ya mwaka 1959, imetia nanga ya kudumu mji huohuo, nayo ni hoteli. Basi Uholanzi unaoukuta ukipanda ni bendera, nahodha, majina ya meli, na kile kinacholetwa mezani.

Bendera hiyo si pambo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 hairuhusu meli ya kigeni kuchukua abiria bandari ya Marekani, kuwazungusha ndani ya Marekani tu, na kuwarudisha. Lazima iguse nchi nyingine. Ndiyo maana safari nyingi za Alaska zinazoanzia Seattle hupitia Victoria, Kanada, hata kama ni kwa saa chache za jioni ambazo abiria wengi huzitumia kununua vikombe vyenye picha ya dubu.

Shangazi alichagua kula zamu ya kwanza, meza ileile kila siku, jambo ambalo siku hizi ni la wachache. Kwa hiyo tulikaa na watu walewale: mume na mke kutoka Alberta waliokuwa wakizungumza na simu zao, na mjane mmoja wa Oregon aliyevaa nishani ya kampuni. Nishani hizo hutolewa na nahodha kwa abiria waliokaa melini siku nyingi kwa jumla ya safari zao zote. Mjane huyu alikuwa anasafiri hivi tangu miaka ya 1980, na mumewe alipofariki hakuona sababu ya kuacha. Yeye ndiye aliyekuwa kitabu changu.

Alinieleza kwamba zamani saa ya chakula haikutangazwa kwa spika. Kijana mwenye sare na kofia alipita ukumbi kwa ukumbi akigonga kimarimba kidogo cha mkononi, na watu walikuwa wanazima mazungumzo yao na kuinuka. Ukitoka kula, mlangoni alisimama mwingine na sinia: tangawizi iliyokaushwa kwa sukari, peremende, tende. Tangawizi ilikuwa ya kutuliza tumbo bahari ikichafuka, lakini mjane alisema watu waliichukua hata bahari ikiwa shwari, kwa sababu ya yule kijana, ambaye alikuwa na neno la kumwambia kila mmoja. Usiku wa manane kulikuwa na bufee, mabata-maji yaliyochongwa kwa barafu, samaki waliopambwa kwa matango yaliyokatwa mithili ya magamba, na watu ambao wamekula saa tatu zilizopita wakipanga foleni na kamera kwanza, sahani baadaye. Na usiku wa Kiholanzi kila mtu alikuta kofia ya karatasi juu ya sahani yake, za wanawake nyeupe zenye mabawa pembeni, na wazee wa heshima walizivaa wakala nazo bila kuona haya.

Nilimwuliza anakumbuka nini zaidi. Hakusita: maandamano ya keki ya Alaska.

Keki hiyo ni aiskrimu juu ya keki ya kawaida, imefunikwa kwa povu la ute wa mayai na sukari, kisha ikapitishwa motoni haraka hadi povu likawa hudhurungi na aiskrimu ya ndani isiyeyuke. Sifa ya kuisambaza huko Marekani hupewa Charles Ranhofer, mpishi wa mkahawa wa Delmonico's New York, baada ya Marekani kuinunua Alaska kutoka Urusi mwaka 1867 kwa dola milioni 7.2, ingawa katika kitabu chake cha mwaka 1894 yeye mwenyewe aliiita kwa majina mawili, Alaska na Florida, baridi na joto kwa pamoja. Melini ikawa mila ya usiku wa kuagana. Taa zilizimwa, muziki ukapigwa, na wahudumu wote wakaingia mstari mmoja wakiwa wamebeba keki zinazowaka moto juu ya mabega, wakizunguka ukumbi, na abiria wakapunga vitambaa vya mkono hewani kama watu wa harusi. Moto ukaanza kuogopwa, na haki yake uogopwe, kwani hakuna adui mkubwa kuliko moto katikati ya bahari. Ukabadilishwa kwa mishumaa ya betri. Kisha maandamano yenyewe yakapungua meli hii na ile. Usiku wetu keki ilikuwepo kwenye menyu, ikaletwa kimya pamoja na chai. Shangazi alionja kijiko kimoja, akasema ni tamu, lakini hajui kwa nini mtu aisherehekee.

Kwa nini mambo haya yanapotea? Sababu ziko nyingi, na chache kati yake ni za kusikitisha. Mwaka 2000 Norwegian Cruise Line ilileta mtindo wa kula unapotaka, unapopenda, na yeyote umtakaye, na kampuni nyingine zikafuata kila moja kwa namna yake. Ukishawaachia watu waje mezani kati ya saa kumi na moja na saa tatu, huna tena ukumbi uliojaa kwa wakati mmoja, na maandamano bila ukumbi uliojaa ni watu waliobeba keki tu. Halafu meli zimekua. Icon of the Seas, iliyoanza kazi mwaka 2024, ikijaa hubeba abiria zaidi ya 7,000. Humo hakuna kijana wa kimarimba atakayezimaliza kumbi kabla chakula hakijapoa. Na abiria wenyewe wamebadilika. Wale wa Alberta hawakutaka kuvaa tai, wala kukaa na sisi, ukweli usemwe, na kufikia katikati ya wiki walihamia mkahawa wa juu ambako mtu hula na kaptura. Siwalaumu. Kula na watu usiowachagua kunachosha, na mimi niliwahi kutamani kuwafuata.

Usiku wa Kiholanzi ulikuja tukiwa njiani kaskazini. Siku hizi kinachotawala ni rangi ya chungwa, rangi ya ukoo wa kifalme wa Oranje, ambayo Waholanzi huvaa tarehe 27 Aprili, sikukuu ya kuzaliwa mfalme wao. Wahudumu walivaa tai za chungwa, mabaluni yalining'inia, na baada ya chakula kulikuwa na dansi. Mezani zilikuja bitterballen, vidonge vya mchuzi mzito wa nyama vilivyopakwa chenga za mkate na kukaangwa, ambavyo ukivitafuna kwa pupa vinakuchoma ulimi kwa ndani, zikaja jibini za Gouda, zikaja poffertjes, chapati ndogondogo nene zenye siagi na sukari ya unga, ambazo Shangazi alizitazama akasema, "Haya, vibibi hivi vimekosa nazi." Kisha, chini kabisa ya menyu, bila maelezo, nasi goreng na mishikaki ya mchuzi wa karanga.

Hapo ndipo Uholanzi ulipoanza kunoga. Nasi goreng ni wali wa kukaanga wa Indonesia. Waholanzi waliutawala ukanda ule wa visiwa kwa karne nyingi, na mojawapo ya dhifa zao za fahari ilikuwa rijsttafel, meza ya wali, ambapo wali mmoja huzungukwa na vitoweo kadhaa wa kadhaa, na katika hoteli kama Hotel des Indes ya Batavia, ambayo leo ni Jakarta, kila kitoweo kilikuja na mtu wake, wahudumu wa Java wamepanga mstari mrefu hadi jikoni. Indonesia ilitangaza uhuru mwaka 1945 na Uholanzi ikaukubali mwaka 1949, lakini rijsttafel ilishahamia Amsterdam na The Hague, na hadi leo ni chakula cha kumkirimia mgeni. Basi katika ukumbi wetu, Wajava waliovaa tai za chungwa walikuwa wanawapelekea Wamarekani chakula cha Java kama urithi wa Uholanzi. Mhudumu wetu aliweka sahani ya nasi goreng mbele ya Shangazi, akamnong'oneza kwamba jikoni wameipunguza pilipili, na kama anataka ile ya kweli atamletea kibakuli. Alikileta. Shangazi alichovya, akakohoa, akasema sasa tunazungumza.

Toka jioni hiyo mhudumu huyo kijana alianza kumwita Ibu, kama anavyomwita mama yake, naye Shangazi akaanza kumwita mwanangu, kwa Kiswahili, bila kujali kama anaelewa.

Tuliingia Glacier Bay alfajiri. Hifadhi hii huruhusu meli kubwa za utalii mbili tu kwa siku. Mashua ndogo ilikuja ubavuni na askari wa hifadhi wakapanda kwa ngazi ya kamba, pamoja na mama mmoja wa watu wa Huna Tlingit, ambao ghuba hii ni kwao. Yeye alisimama ukumbini akaeleza kwamba miaka kama 250 iliyopita mto wa barafu ulishuka kwa kasi ukawafukuza vijijini mwao, kisha ukarudi nyuma na kuacha ghuba ndefu ya maji mahali palipokuwa barafu tupu. John Muir alipofika kwa mtumbwi mwaka 1879, akiongozwa na Watlingit, barafu ilikuwa imekwisha kurudi nyuma maili nyingi. Mwaka 2016 watu wa Huna walifungua nyumba ya ukoo huko Bartlett Cove, ya kwanza tangu zile za kale zifunikwe. Nilimsikiliza nikafikiri kwamba huyu peke yake, katika meli nzima, alikuwa akisimulia urithi wake akiwa kwao.

Saa nne asubuhi, mbele ya mto wa barafu wa Margerie, wahudumu walitoka sitahani wamevaa makoti mazito na kuanza kugawa supu ya njegere. Hii ni desturi ambayo haijapotea na natumaini haitapotea. Meli imesimama, ukuta wa barafu una upana wa zaidi ya kilomita moja na nusu, kila baada ya muda kipande kinamomonyoka na kishindo kinakufikia kimechelewa, na wewe umeshika kikombe cha supu nzito ya kijani ambayo Waholanzi husema ni lazima kijiko kisimame ndani yake. Mvuke wake ulikuwa unanipasha pua. Nilikinywa chote.

Shangazi alinyoosha mkono achukue chake. Yule kijana wetu, aliyekuwa na trei upande wa pili, alituona, akaja mbio karibu avimwage vikombe vyote. "Ibu, hapana. Nguruwe." Supu hii kijadi hupikwa kwa nyama ya nguruwe na soseji yake ya moshi. Kijana mwenyewe ni Mwislamu. Alikuwa ameigawa asubuhi nzima, na alishaigawa safari nyingi kabla ya hiyo, bila kuionja. Nilimwuliza kama anajua ladha yake. Alicheka, akasema anajua harufu yake vizuri kuliko Mholanzi yeyote. Baadaye alirudi na kikombe cha maji ya moto na tangawizi mbichi iliyopondwa, na Shangazi akakaa kitini, blanketi miguuni, akinywa hiyo mbele ya barafu.

Ni kwenye kiti hicho mambo ya karafuu yalipoanza. Kijana alikuwa na dakika chache za mapumziko. Shangazi alimwuliza kwao wapi, akajibu Kudus, Java ya Kati. Nyanya yake alifanya kazi kiwandani huko maisha yake yote akisokota kretek, sigara zinazochanganywa tumbaku na karafuu iliyosagwa, kwa mkono. Shangazi alikiweka chini kikombe. Baba yake, babu yangu, alikuwa na mikarafuu Wete. Yeye mwenyewe alikaa kwenye majamvi akiwa mtoto, akichambua karafuu kutoka kwenye vikonyo hadi vidole vikawa vyeusi, na kila mtu Pemba alijua zinakokwenda: shirika la serikali linazinunua, zinapakiwa, zinakwenda Indonesia, wao wanazivuta. Katika miaka ya 1970 Indonesia ndiyo ilikuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu za Zanzibar. Kisha wakapanda za kwao kwa wingi, miaka ya 1980 ikaingia, bei ikaanguka, na vijana wa Pemba wakaanza kutawanyika. "Ndiyo maana mimi niko Tukwila," alisema, kwa Kiingereza, ili kijana asikie.

Na mti wenyewe asili yake ni nchini kwao kijana, visiwa vya Maluku, ambako Kampuni ya Kiholanzi ya Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1602, ilikata na kuchoma mikarafuu nje ya Ambon na visiwa jirani ili biashara ibaki mikononi mwake. Mfaransa Pierre Poivre alifanikiwa kuitorosha miche hadi Mauritius mwaka 1770, na kutoka huko ikaifikia Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19. Haya sikuyasema pale sitahani. Wale wawili walikuwa wanabishana kama karafuu ianikwe siku ngapi.

Alipoinuka kurudi kazini, kijana alituambia kwamba siku ya mwisho baharini wao Waindonesia watapiga ngoma yao kidogo, mchana, ukumbi wa chini. Mjane wa Oregon alinithibitishia kwamba zamani palikuwa na usiku kamili wa Indonesia na usiku kamili wa Ufilipino: onyesho la ukumbi mkubwa, saa tano usiku, mavazi ya dhahabu, Wafilipino wakicheza tinikling, wakirukaruka katikati ya mianzi miwili inayogonganishwa. Watu walisubiri macho yakiwa mazito ili wamwone mtu anayewatandikia kitanda akiwa amevaa taji.

Siku hiyo ya mwisho Waindonesia walipiga angklung, ikadumu kama nusu saa. Ni ala ya mianzi: kila mchezaji anashika noti moja au mbili tu, anaitikisa, na wimbo hauwezi kutoka mpaka kila mtu aingie kwa wakati wake. UNESCO iliiorodhesha mwaka 2010. Walikuwa kama kumi na wawili, baadhi wakiwa bado na viatu vya kazi chini ya sarong. Wakapiga nyimbo mbili za kwao, na moja ya Kimarekani ili abiria wapige makofi. Mmoja alipitwa na noti yake, akacheka, wenzake wakacheka, wakaendelea. Kwangu ilikuwa nusu saa bora kuliko usiku mzima wa chungwa.

Lakini sitaki kulilia usiku ule wa saa tano. Mkataba wa Kazi za Ubaharia wa mwaka 2006 unataka baharia apate mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika wiki. Mazoezi ya ngoma, kuvaa, kupaka, kucheza hadi karibu na usiku wa manane, halafu asubuhi kuwapangia watu mayai: saa hizo hutoka wapi kama si kwenye usingizi wa mtu? Mjane alikumbuka taji. Kijana, nilipomwuliza kama angependa usiku ule urudi, alifikiri kidogo, akasema angependa onyesho, ila angependa pia kulala.

Usiku wa kufunga mizigo, zamani, ulikuwa usiku wa bahasha: kila abiria aliweka bakshishi yake na kumpa mhudumu wake mkononi. Sasa bakshishi hukatwa kila siku kwenye bili, na hugawiwa wengi, hata wale wa jikoni usiowaona, jambo ambalo naliona lina haki yake. Shangazi aliandaa bahasha vilevile. Ndani aliweka pesa, na kipande cha karatasi chenye anwani ya nduguye wa Wete, kwamba akipenda kuona mikarafuu iliyokwenda mbali aende akale kwake.

Wiki moja baadaye, Tukwila, kampuni ilituma maswali kwa barua pepe: chakula kilikuwa na joto la kutosha? Ukumbi ulikuwa safi? Ungependekeza safari hii kwa rafiki? Shangazi alinikalisha mbele ya kompyuta ya mjukuu wake, akajibu yote kwa haraka, kisha akaniambia nishuke mpaka pale penye nafasi ya kuandika mengineyo.

"Andika: wale vijana wa mianzi wapewe ukumbi mkubwa, saa moja jioni, watu wakiwa macho. Umeandika? Na kesho yake asubuhi wasiingie kazini. Mayai watu watajichukulia wenyewe."